Mwongozo wa Msimamizi wa Mirathi Aliyeangukia Njama

Ukirudi nyumbani jioni kutoka kwenye hafla ya akina mama wanaouziana vyombo vya plastiki, ukakuta barua ya mwanasheria ikikuarifu kwamba umeteuliwa msimamizi wa mirathi ya tajiri uliyewahi kupendana naye, usiitupe. Keti, isome mara mbili, kisha anza kufungasha. Ndivyo mambo yalivyomwanzia Oedipa Maas, mama wa nyumbani huko California, katika The Crying of Lot 49, riwaya fupi ya Thomas Pynchon iliyotoka mwaka 1966. Hadi kufikia ukurasa wa mwisho, mume wake, daktari wake na mpenzi wake wa pembeni watakuwa wamempotea kila mmoja kwa njia yake, naye atakuwa ameketi kwenye chumba cha mnada akimngoja dalali aanze kunadi fungu la 49.

Mwongozo huu ni wa kumvusha msomaji katika riwaya hiyo akiwa na akili zake timamu. Watu wengi huiacha katikati, na naamini sababu ni moja: wanaingia kama wapelelezi. Mpelelezi humtafuta mkosaji, na akimkosa hukasirika. Oedipa hakuajiriwa kupeleleza. Kazi aliyopewa ni ile ile inayojulikana katika mahakama zetu: kuorodhesha mali ya marehemu, kulipa madeni yake, na kumfikishia kila mrithi haki yake. Shika hayo matatu, na istilahi zote za njama iliyomo riwayani zitapata pa kukaa.

Anza na mali. Marehemu ni Pierce Inverarity, mfanyabiashara wa viwanja na majumba. Karibu kila mlango Oedipa anaobisha katika mji wa kubuni wa San Narciso una mkono wa marehemu ndani yake: hisa za Yoyodyne, kiwanda cha mitambo ya anga na silaha, mtaa wa nyumba za fahari kando ya ziwa la kuchimbwa, hata ukumbi wa tamthilia na duka la vitabu vikuukuu. Pynchon alikuwa akiufahamu ulimwengu huo, kwani kati ya 1960 na 1962 aliandika makala za kiufundi kwenye kampuni ya ndege ya Boeing, Seattle. Kwa hiyo orodhesha bila kuchoka. Mwishoni Oedipa anajiuliza kama alichoachiwa ni mali ya mtu mmoja au ni Marekani nzima, na uzito wa swali hilo anaupata yule tu ambaye amekuwa akiandika orodha njia nzima.

Kisha madeni. Katika mali ya Inverarity kuna mifupa ya binadamu. Kikosi cha wanajeshi wa Marekani kilizingirwa na Wajerumani kando ya ziwa nchini Italia wakati wa Vita vya Pili, wakauawa wote, maiti zikatupwa majini. Miaka ikapita, mfanyabiashara akaiopoa mifupa na kuiuza. Mingine ilisagwa ikawa mkaa wa kuchujia moshi wa sigara, na mingine ikalazwa chini ya lile ziwa la kuchimbwa ili wapiga mbizi wa kitajiri wapate cha kutazama. Baadaye Oedipa anakwenda kutazama tamthilia ya kisasi ya karne ya 17, ambayo Pynchon ameitunga mwenyewe na kuipa jina The Courier's Tragedy, na jukwaani anakutana na kisa kile kile: walinzi waliouawa, ziwa, mifupa iliyogeuzwa mkaa, na mkaa uliogeuzwa wino wa kuandikia barua za mtawala aliyewaua. Mhakiki anayependa vitendawili atakwambia huu ni mchezo wa vioo, kitabu kikijitazama ndani ya kitabu. Ni kweli, lakini soma zaidi ya hapo. Watu walikufa, hakuna aliyewazika, na mtu fulani akapata faida. Hilo ni deni, na limo katika hesabu za marehemu.

Kwenye tamthilia hiyo ndipo Oedipa analisikia jina Tristero. Alama yake alikuwa amekwisha kuiona ukutani kwenye choo cha baa, akainakili kwenye daftari: duara, pembetatu na umbo la pande nne, yaani baragumu la posta lililotiwa kizibo mdomoni lisilie. Hapa unahitaji historia kidogo, maana Pynchon ameshona kweli na uongo kwa uzi mwembamba sana. Ukoo wa Taxis, uliotokea karibu na Bergamo, ni wa kweli. Mwaka 1490 Franz von Taxis aliandaa tarishi wa farasi kwa ajili ya Maximilian I, kati ya Innsbruck na Mechelen, na wazao wake waliojiita Thurn und Taxis waliendelea na biashara ya posta hadi Prussia ilipoitwaa mwaka 1867. Baragumu pia ni la kweli. Hadi leo limo katika nembo ya posta ya Ujerumani na ya nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Wa kubuni ni Hernando Joaquín de Tristero y Calavera, Mhispania wa mwishoni mwa karne ya 16 anayedai kwamba posta hiyo ilikuwa haki yake. Anawavika wafuasi wake nguo nyeusi na kuanza kuwavamia matarishi wa Taxis usiku. Baragumu la adui zake amelitia kizibo.

Angalia jina la heshima alilojipa mtu huyo: Aliyenyimwa Urithi. Riwaya inaanza kwa wosia, na ndani ya njama yake kuna mtu aliyekatwa katika mirathi. Kwangu mimi huu ndio ufunguo wa kitabu kizima, na ninashangaa ni mara ngapi makala kuhusu Pynchon huupita mbio ili yawahi kwenye vichekesho vya majina. Majina yenyewe usiyahangaikie. Oedipa, Daktari Hilarius, Genghis Cohen: cheka, endelea.

Kundi la Tristero linahamia Marekani katikati ya karne ya 19, na hapo tena uzi wa kweli unaingia. Mwaka 1844 Lysander Spooner alianzisha kampuni ya kubeba barua kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya posta ya serikali. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likashusha bei za serikali na kuwabana washindani binafsi, na baada ya miaka michache kampuni yake ikafa. Pynchon anauliza: vipi kama mmoja wao hakufa? Vipi kama alijificha tu, na bado anabeba barua za wale wasioiamini posta ya dola? Posta hiyo ya siri inaitwa W.A.S.T.E., na mhandisi wa Yoyodyne anamsahihisha Oedipa vikali anapolitamka kama neno la kawaida la taka. Kila herufi ina nukta yake, kwa kuwa ni kifupi cha sentensi inayohusu kuingoja dola ya Tristero iliyo kimya. Masanduku yake yana sura ya mapipa ya takataka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mahali pa kuanzia. Bahasha unaipeleka stendi, unamkabidhi kondakta, unaandika namba ya basi, unampigia simu ndugu yako akaipokee alfajiri upande wa pili. Hakuna stempu wala sanduku la posta, na barua inafika. Tofauti ni kwamba wanachama wa posta nyingine ya siri, inayopita ndani ya barua za ofisini za Yoyodyne, ambao Oedipa anakutana nao baa, wanalazimika kutuma angalau barua moja kila wiki, na asiyetuma hutozwa faini. Kwa hiyo wanaandikiana barua zisizo na kitu: hujambo, kitabu chako kinaendeleaje, basi tu nilitaka kukusalimu. Tafadhali usipite hapo haraka. Watu hao wamejijengea mtandao kamili wa siri dhidi ya serikali, na kinachosafiri ndani yake ni salamu.

Sasa tuingie kwenye istilahi inayowatisha wengi, entropia. Mwaka 1867 mwanafizikia wa Uskoti James Clerk Maxwell aliwaza kiumbe mdogo, na mwaka 1871 akamtia katika kitabu chake kuhusu joto. Baadaye kiumbe huyo akaja kuitwa jini wa Maxwell. Chukua boksi lililojaa hewa, ligawe kwa ukuta wenye kijimlango, mweke jini mlangoni. Molekuli zenye kasi anaziruhusu kwenda upande huu, zile za polepole anazipeleka upande ule. Baada ya muda upande mmoja una joto na mwingine una baridi, na tofauti hiyo inaweza kuendesha injini. Umepata nguvu bila jasho, jambo ambalo kanuni ya pili ya joto inalikataa: vitu vikiachwa vyenyewe huelekea kuchanganyika na kupoa, na entropia ni kipimo cha mchanganyiko huo. Mwaka 1929 mwanafizikia Leó Szilárd alionyesha ujanja ulipo. Ili jini apange, lazima ajue molekuli ipi ni ipi, na kujua kuna gharama yake. Mwaka 1948 Claude Shannon, akishughulikia simu na ishara, akapata fomula ya kupima habari yenye umbo lile lile la fomula ya Ludwig Boltzmann kuhusu joto. Nyanja mbili zilizokuwa mbali zikawa na neno moja.

Pynchon, aliyesomea fizikia ya uhandisi Cornell kabla ya kuhamia Kiingereza, na aliyekuwa amechapisha hadithi fupi iitwayo Entropy mwaka 1960, anamleta bwana mmoja huko Berkeley, John Nefastis, mwenye boksi analodai jini yumo ndani. Mtu mwenye kipaji akiikazia macho picha ya Maxwell iliyobandikwa kwenye boksi, pistoni itasogea. Oedipa anakaza macho hadi yanauma. Pistoni haisogei, naye karibu alie.

Ushauri wangu: acha kumtafuta jini ndani ya boksi. Mpangaji ni Oedipa mwenyewe. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni akitenga dalili na zisizo dalili, na Szilárd ametuonya kwamba kujua kunalipiwa. Hesabu bei anayolipa. Mwongozaji wa ile tamthilia, aliyeanza kumfungulia siri, anajitosa baharini na kufa. Daktari wake wa akili, yule Hilarius, anashikwa na wazimu na kukiri kwamba alifanya majaribio juu ya wafungwa wa Buchenwald. Mume wake, mtangazaji wa redio, anaanza kumeza LSD na kuyeyuka asibaki mtu unayeweza kuongea naye. Mwanasheria aliyekuwa msimamizi mwenzake na mpenzi wake wa pembeni anatoroka na binti wa miaka kumi na mitano. Kadiri habari zinavyoongezeka kwenye daftari, ndivyo watu wanavyopungua kando yake.

Kutoka kwa Nefastis anakimbilia San Francisco, na usiku huo ndio moyo wa riwaya. Usome kwa siku mbili ukiweza. Lengo lake ni kutembea ovyo ili ajihakikishie kwamba baragumu halipo. Badala yake analikuta kila mahali: watoto wakilitumia kwenye mchezo wao wa kuruka, limekwaruzwa nyuma ya kiti cha basi, tangazo likilibeba kwenye dobi la mashine katika mtaa wa watu weusi. Katika baa moja anakutana na mwanachama wa chama cha walioapa kutopenda tena. Mwasisi wake alikuwa meneja wa Yoyodyne ambaye kazi yake ilichukuliwa na kompyuta aina ya IBM 7094. Akajimwagia petroli ajichome, petroli ikalowanisha barua mfukoni, na kwenye stempu zilizochujuka rangi akaona alama ya maji yenye umbo la baragumu. Waliotumwa mbali, waliofukuzwa, waliotengwa, wasiolala. Wote wana posta yao, na si ile yenye bendera ya taifa juu ya paa.

Alfajiri, kwenye ngazi za nyumba ya kupanga ya masikini, anamkuta baharia mzee anayetetemeka kwa ulevi wa miaka, baragumu limechorwa kwa wino mkononi mwake. Mzee anampa bahasha iliyochakaa aipeleke kwenye sanduku chini ya daraja la barabara kuu, iende kwa mke wake aliyemwacha zamani huko Fresno. Stempu yake ni ile ya kawaida ya barua za ndege, yenye jengo la Bunge. Ila juu ya kuba, ukikaza jicho, amesimama mtu mdogo mweusi tii amenyoosha mikono. Mpelelezi angeichunguza stempu na kuondoka. Oedipa anaketi ngazini, anamkumbatia mzee, anampandisha hadi chumbani. Na anapolitazama godoro lake anawaza kwamba siku moja sigara italiteketeza, na jasho, machozi na ndoto za wote waliolilalia zitaondoka kwa pamoja, kama kwamba watu hao hawakuwahi kuwapo. Hapo entropia mbili, ya joto na ya habari, zinakutana kwenye godoro moja, na mwandishi hakuandika mlinganyo hata mmoja.

Kisha anapeleka barua. Anamvizia mchukuzi anayekuja kuzoa barua pipani, anamfuata kwa miguu na kwa mabasi hadi Oakland, hadi Berkeley, na safari inaishia mbele ya nyumba ya Nefastis, alikoanzia jana yake.

Baada ya usiku huo Oedipa anajiwekea njia nne. Ama posta ya siri ipo kweli, ama anaota, ama Inverarity alimtengenezea mtego mkubwa kabla ya kufa, ama anajitungia mwenyewe habari ya mtego huo. Hofu ya njia ya nne ilipandwa mapema, pale alipokwenda Mexico na marehemu na kulia mbele ya mchoro wa Remedios Varo, Mhispania aliyekimbilia huko: wasichana wamefungiwa mnarani wakitarizi kitambaa, kitambaa kinamwagika madirishani na kuwa dunia yote. Mchoro huo upo, Varo aliuchora mwaka 1961. Vipi kama dunia ninayoichunguza nimeitarizi mimi?

Usichague. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu wanafunzi hutakiwa kuchagua kwenye mtihani. Marekani ya wakati ule ilijaa watu waliokuwa wamekwisha kuchagua. John F. Kennedy aliuawa mwaka 1963, na tangu 1958 chama cha John Birch Society kilikuwa kikiona mkono wa kikomunisti kila mahali. Mwaka 1964 mwanahistoria Richard Hofstadter akachapisha insha mashuhuri kuhusu mtindo huo wa kushuku katika siasa za nchi yake. Lakini pia kulikuwa na njama za kweli. Shirika la ujasusi la CIA lilikuwa likiwapa watu LSD bila wao kujua, katika mradi ulioanza 1953 na ambao umma ulikuja kuufahamu mwaka 1975, miaka tisa baada ya Pynchon kumwandika daktari anayewagawia akina mama wa nyumbani dawa hiyo hiyo. Anayeamini kila njama amepotea, na anayezikataa zote angekuwa amepotea pia. Mwanafalsafa Jean-François Lyotard alipoeleza usasaleo mwaka 1979, alisema ni kutoyaamini masimulizi makuu yanayodai kueleza kila kitu, na njama ni simulizi kuu kuliko yote. Msomaji aliyekwisha kupita katika Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, amezoea kukaa na maswali yasiyojibiwa. Hapa atajisikia nyumbani.

Zimebaki stempu, maana ndizo zinazonadiwa. Inverarity aliacha mkusanyiko ambao mtaalamu Genghis Cohen anagundua una za kughushi ndani yake, kila moja ikiwa na kosa dogo la makusudi: herufi zimepinduka, unyoya mweusi pasipopaswa kuwa na unyoya. Wakusanyaji wanajua kwamba kosa hupandisha bei. Mwaka 1895, posta ya Zanzibar ilipoanza kutumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la visiwa, baadhi zilitoka zimeandikwa Zanzidar, na hizo ndizo zinazosakwa leo. Kosa la Zanzibar lilitokea kwa bahati mbaya mtamboni. La Tristero ni sahihi ya mtu aliyefukuzwa, ameitia ndani ya karatasi rasmi ya serikali ili ajulishe kwamba bado yupo. Mnunuzi asiyejulikana anazitaka stempu hizo, Oedipa anakwenda mnadani amwone, na riwaya inakoma kabla mnada haujaanza.

Ukifunga kitabu hapo, chukua ile orodha yako ya mali na madeni, uandike safu ya tatu: nani alistahili kupata, na hakupata? Kisha nenda na orodha hiyo kwenye V., riwaya ya Pynchon ya 1963, na Gravity's Rainbow ya 1973. Humo utawakuta Waherero wa Namibia, ambao Ujerumani iliwaangamiza kuanzia 1904 chini ya Lothar von Trotha, jenerali aliyekuwa amekwisha kutumikia jeshi la kikoloni huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika Gravity's Rainbow wazao wao wako katikati ya magofu ya Ujerumani iliyoshindwa, wakiunda roketi yao wenyewe. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita yale mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakayapinga makubaliano hayo, wakisema wao wenyewe hawakuketishwa mezani. Mirathi hiyo haijafungwa, na kurasa za Pynchon kuihusu ni ndefu. Tenga muda wa kutosha.